Mwaka Tuliolichunguza Neno Iringaniza

Odile alinipigia simu nikiwa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, ambako nilikuwa nikiwasaidia madereva wa malori wasiojua Kifaransa. "Mama ametutoka," alisema. Nilipofika Kigali mazishi yalikuwa yamekwisha. Nikakuta turubai bado limefungwa uani kwao Nyakabanda, viti vya kukodi vimepangwa, akina mama wanapitisha chai ya maziwa, na shemeji mmoja asiyenifahamu akauliza huku akidhani ananong'ona, "Na huyu mzee mwenye begi ni nani?" Bibi mmoja jirani akamjibu bila kugeuka, "Haumujui? Ni ule Mutanzania wa iringaniza." Watu wakacheka, pale pale msibani, na aliyecheka kuliko wote ni Odile, huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nimepewa majina mengi katika miji niliyopita. Mwanza niliitwa Mnyarwanda, Lubumbashi wakaniita Mswahili, Juba niliitwa Jirani tu. Sijajenga nyumba popote na shule yangu iliishia sekondari. Lakini jina hilo la Nyakabanda huliitikia kifua mbele, kwa sababu nililitolea jasho mwaka mzima.

Jinsi familia yangu ilivyorudi Rwanda kutoka Tanzania baada ya vita inafanana na ya maelfu wengine, siirudii hapa. Itoshe kwamba wazazi wangu walikuwa mashambani, upande wa mashariki, nami nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari mjini, nimepanga chumba cha uani kwa Mama Odile. Binti yake na mimi tulikuwa darasa moja. Chumba changu nimekisahau, ila sebule yao ninaiona hata nikifumba macho. Mahali ambapo nyumba nyingine huweka meza ya chakula, wao waliweka mashine ya kufuma sweta, ndefu, ya chuma, yenye meno madogo mengi, na Mama Odile akiivuta huku na huku tangu asubuhi: krrak, krrak. Alifuma sweta za shule. Za bluu zilikuwa zetu, za kijani za shule ya masista, na kila jioni migongo ya viti vyote ilivaa sweta ambazo hazijamalizika, sebule ikawa kama darasa linalomsubiri mwalimu. Kwa kuwa meza haikuwepo tulikula sahani zikiwa magotini: maharage yaliyopikwa na boga, mchicha, na Jumapili vidagaa vya ziwa Kivu ambavyo Odile alivikaanga mpaka vinavunjika kama biskuti. Ukutani kulikuwa na picha ya baba yake Odile akiwa na suti. Katika nyumba za Kigali za miaka ile picha ya ukutani haikuulizwa.

Mama Odile alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwepesi wa utani. Kinyarwanda changu kilikuwa kibovu, kwa hiyo pale nyumbani, kwa heshima yangu, walizungumza Kiswahili. Chake alikiokota sokoni akiwauzia sweta wafanyabiashara Waislamu na Wakongomani. Changu kilitoka shule ya msingi ya Tanzania. "Mutanzania, wewe unaongea kama redio," aliniambia siku ya kwanza. "Sasa ile siku nitachoka, nikuzimie wapi?" Nilikuwa kijana wa maneno mengi, na yeye aliniacha niseme, akivuta mashine yake, krrak, krrak, kama mtu anayesikiliza mvua.

Miaka ile historia ya nchi yetu haikufundishwa darasani. Tulijifunza Misri na mapinduzi ya Wafaransa, na tulipofika kwetu, kitabu kiliruka. Watu wazima walikuwa bado hawajakubaliana waandike nini. Lakini mwalimu wetu wa historia, ambaye tulimwita Prof kama walimu wote wanavyoitwa Rwanda, alianzisha klabu ya Jumatano jioni na kutuandikia ubaoni swali moja: ni sera zipi za serikali zilizoandaa vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi? Kila mwanafunzi achague, achunguze, aandike. Atakayeandika vizuri atasoma kazi yake mbele ya shule nzima na wazazi mwisho wa mwaka. Mkuu wa shule aliingia akasoma lile swali akiwa amesimama, akatoa idhini kwa sharti moja: "Mtasema sera. Hamtasema majirani." Nililiona sharti la woga. Leo, baada ya kuishi katika miji ambako watu husema majirani tu na kamwe hawasemi sera, naona alikuwa mtu mwenye busara.

Mimi nilijua tayari nitakachoandika. Nilikulia ng'ambo kwa sababu serikali iliwakatalia wazazi wetu kurudi, ikisema nchi imejaa. Nani angenifundisha mimi asili ya vita? Prof aliposikia akanijibu, "Hiyo unayo tumboni. Kaitafute na nusu nyingine." Akataka nigawanye karatasi mara mbili, upande mmoja sera zilizojenga, upande wa pili zilizobomoa, ili nisije nikaandika kama mtu anayegombana. Kwa hiyo nikaenda kwenye maktaba ndogo ya parokia, nikasoma magazeti ya zamani ya serikali, Kinyarwanda changu kikijikokota nyuma ya Kiswahili kama kiwete nyuma ya farasi. Huko ndiko nilikokutana na neno iringaniza. Lilikuwa kila mahali: iringaniza shuleni, iringaniza kazini, hotuba juu ya hotuba. Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kamusi kwa neno kama hilo. Linganisha, lingana, ulinganifu. Nilikuwa nimelelewa katika nyimbo za usawa tangu darasa la kwanza. Nikaliandika kwa raha upande wa sera zilizojenga, na jioni ile ile nikawasomea nyumbani kazi yangu wakati tunakula.

"Rudia hapo," alisema Mama Odile.

"'Serikali ilileta ulinganifu shuleni, ili watoto wa mikoa yote na makabila yote wapate nafasi sawa.'"

Aliweka sahani yake chini, juu ya furushi la nyuzi. Alianza kucheka, na kicheko chake kilienda kikapanda mpaka kikawa kitu kingine, kisha kikarudi. "Odile, unasikia? Mutanzania ameniweka kwa mambo mazuri!"

"Mama, mwache, hajui," Odile alisema, uso umemwiva kwa aibu kwa niaba yangu. "Anasikia Kinyarwanda na sikio ya Kiswahili."

"Sasa kwa Kiswahili kuringaniza ni nini?"

"Ni kufanya vitu vilingane, Mama," nilijibu.

"Eeh. Na kwetu ni hivyo hivyo." Akanyoosha mkono akachukua sweta ya bluu kwenye kiti changu, akainua mikono miwili ya sweta hiyo, mmoja ukiwa umeuzidi mwenzake. "Angalia. Mukono moja murefu, ingine mufupi. Utaringaniza namna gani? Hauwezi kuongeza ile mufupi, nyuzi imeisha. Unafumua ile murefu." Akavuta uzi, na mbele ya macho yetu mkono mrefu ukaanza kuyeyuka, mstari baada ya mstari. "Basi mimi nilikuwa ule mukono murefu." Akaendelea kuvuta, kisha akaacha. "Ama labda. Sijui."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoubeba mwaka wangu. Alitueleza kwamba katika shule yao ya msingi, kule kusini, alikuwa akiongoza kwa hesabu. Walifanya mtihani wa kwenda sekondari. Majina yaliporudi jina lake halikuwemo. Wenzake waliochaguliwa walinunuliwa sweta. Yeye alipelekwa kwenye mafunzo ya mikono ya kijijini, kulima na kufuma, na huko akaijua mashine. Kila mtu mzima pale kijijini alijua kwamba kulikuwa na iringaniza: kwamba nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa, Watutsi wasizidi kiasi walichopangiwa, mikoa iliyopendwa ipewe mbele. Lakini wapo pia walioshindwa kweli. "Miaka ile yote nikikaa hapa," alisema, akipapasa chuma cha mashine, "najiuliza: nilinyimwa, ama nilianguka?" Odile alikuwa amekaa wima, kijiko mkononi. Hakuwahi kuyasikia hayo. Alijua tu kwamba mama yake ni mfumaji, kama unavyojua mama fulani ni mrefu.

Nikafanya kile ambacho kijana mwenye bidii hukifanya: siku hiyo hiyo nikamwomba aje kuyasema mbele ya shule. Alikataa kabla sijamaliza. "Mutanzania, sikiliza. Mimi nisimame mbele ya watoto yenye iko na masomo, niseme serikali ilininyima nafasi, kumbe nilianguka tu? Nitakuwa nimeringia vita ya watu. Nijue kwanza." Nikamwambia kwamba hata sisi wa nje tulikataliwa na serikali ile ile. Alinitazama kwa upole. "Nyinyi mulikataliwa kwa mulango, mukaenda kusoma kwa watu. Sisi tulikataliwa ndani ya nyumba." Nililiandika neno hilo, na baadaye Prof alilipigia mstari chini mara mbili. Miaka ile wengi wetu tuliotoka nje tuliamini kwamba waliobaki ndani walikuwa na bahati ya kula maharage ya nyumbani. Mimi niliacha kuamini hivyo nikiwa na sahani ya maharage hayo hayo magotini.

Basi swali la utafiti likawa ni swali la Mama Odile, na mwenye jibu, kama alikuwepo, alikuwa mmoja: mwalimu wake wa darasa la mwisho. Odile aliulizia kanisani wiki nyingi mpaka akapata habari kwamba mzee yule anaishi na mwanawe Masaka, pembeni mwa Kigali. Tulikwenda Jumamosi watatu. Tulipita karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe, ndege moja ikashuka juu ya vichwa vyetu kwa kelele, Mama Odile akainama na kushika kitambaa chake kana kwamba itakichukua, tukamcheka njia nzima. Masaka wakati ule ilikuwa mashamba matupu, mihogo na migomba, na hapa na pale msingi wa nyumba mpya. Mzee alitupokea sebuleni kwa mwanawe, amevaa koti, miguu peku. Alitupa uji wa mtama. Alisema juu ya maharage yaliyoliwa na wadudu, juu ya bei ya saruji, juu ya mwanawe aliyetaka kuuza nusu ya shamba. Waliongea Kinyarwanda, naandika kama nilivyokielewa. Mama Odile alimsikiliza mpaka uji ukaisha, kisha akaweka kikombe.

"Mwalimu, nilifaulu au nilianguka?"

"Ulikuwa unajua hesabu, mwanangu."

"Hilo si jibu, Mwalimu. Hesabu ninazijua hata leo."

Mzee alijivuta kwenye kiti. "Alama hazikurudi. Hazikurudi kamwe, mwaka wowote. Yalikuwa yakirudi majina tu, na mimi nikayasoma mbele ya darasa. Jina lako halikuwemo. Sikuambiwa sababu. Hakuna mwalimu aliyeambiwa."

"Na wewe uliwaza nini?"

Alitazama miguu yake. "Niliwaza kwamba nisiwaze," alisema. "Nilikuwa na watoto."

Nilimsubiri Mama Odile amkasirikie. Hakumkasirikia. Alimshukuru kwa uji, akamuuliza kama ana sweta ya mvua zijazo, akampima mabega kwa viganja vyake pale pale, mzee akiwa amesimama kama mwanafunzi. Nimekaa na watu wengi tangu siku ile, wenye haki na wasio na haki, na sijaona tena mtu akitoka kwenye nyumba iliyomnyima jibu akiwa amenyooka namna ile.

Kupanda kilima kurudi barabarani ndipo uchovu ulimpata. Alikaa juu ya matofali ya mtu. "Basi imeisha," aliniambia kwa Kiswahili. "Hakuna anayejua. Sitasema kitu, Mutanzania. Utaandika ile ya wakimbizi." Nilikuwa nimeona kazi yangu yote ikianguka kwenye vumbi la Masaka. Aliyesema ni Odile, akiwa amesimama mbele ya mama yake amejishika kiuno kama muuza nyanya anayebishana. "Mama, si useme hivyo hivyo? Sema haujui. Wewe unataka kuja na jibu, na wao ndiyo walificha jibu! Useme: mimi mama mzima sijui kama nilifaulu. Nani atakuambia ni uongo?" Mama Odile alimtazama binti yake. "Huyu," akaniambia, "nani alimufundisha kupiga kelele barabarani?" Lakini aliinuka.

Niliandika upya kazi yote. Niliitoa iringaniza upande wa sera zilizojenga, na sikuitafsiri tena. Niliiacha kwa Kinyarwanda, kisha nikaeleza kwa nini sikio la Kiswahili lilinidanganya. Niliandika juu ya milango miwili: wakimbizi waliokataliwa kurudi, mpaka wengine wakarudi na silaha, na watoto wa ndani waliopimwa kwa kabila lililoandikwa kwenye vitambulisho vya baba zao, mpaka nchi nzima ikazoea kumhesabu jirani kama mtu aliyezidi. Na niliandika kile tulichokipata Masaka, kwamba sera ile iliwanyang'anya watu nafasi, kisha ikawanyang'anya hata kujua kama wamenyang'anywa. Mtoto aliyeachwa hakuweza kulalamika kwa sababu huenda alishindwa. Aliyechukuliwa hakuweza kujivuna kwa sababu huenda alipendelewa. Prof aliisoma akiwa amesimama dirishani. Alipomaliza alinirudishia bila kunitazama. "Sasa umefanya utafiti," alisema. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane na sijawahi, kabla wala baada, kupewa mshahara mkubwa kama huo.

Siku ya kusoma, ukumbi ulijaa sweta za bluu alizozifuma Mama Odile, na sidhani kama kuna aliyeliona hilo zaidi yake na sisi wawili. Mimi nilisoma yangu. Kisha Mama Odile akapanda jukwaani na kitenge kipya, akakataa kipaza sauti, akaanza kwa Kinyarwanda: "Naitwa Mama Odile. Nafuma sweta Nyakabanda. Sijui kama nilifaulu." Akasimulia yote kwa maneno machache, bila kumtaja mwenzake yeyote aliyechaguliwa, bila kumtaja mwalimu wake. Mkuu wa shule, niliyekuwa nikimchungulia, alikuwa amevua miwani. Kisha msichana mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono. "Mama, leo ungependa kujua?"

"Zamani nilitaka sana," alijibu. "Leo nina jambo jingine ninalolitaka. Mtihani wenu ukirudi, kila mtoto anaona alama zake, nzuri na mbaya. Ukianguka, unajua umeanguka mwenyewe. Hiyo ni heshima kubwa, wanangu, mimi sikuipata." Akatutazama, na utani ukamrudia usoni. "Kwa hiyo someni. Na atakayeanguka, aanguke kwa heshima." Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na katika kicheko kile nilimwona Odile amesimama juu ya benchi, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Mwaka uliofuata tulifanya mtihani wa taifa. Odile alikwenda chuo kikuu. Leo ni mhandisi wa maji. Alama zangu hazikufika. Niliwahi kufikiri kwamba siku kama hiyo ningekimbilia kituo cha mabasi, maana tayari miguu ilikuwa ikiniwasha. Badala yake nilirudi Nyakabanda, nikakaa kwenye kiti kisicho na sweta, nikamsomea Mama Odile alama zangu zote somo kwa somo: historia nzuri kabisa, jiografia nzuri, hesabu ya kutia huruma. Alisimamisha mashine akasikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wake aliyeko mbali.

"Zote iko yako?" aliuliza.

"Zote, Mama."

"Hakuna mutu amekuongezea, hakuna mutu amefumua?"

"Hakuna."

Alinipa mkono, kama watu wazima wanavyopeana mikono, akaushika wangu kwa muda. "Hongera," alisema, na hakuwa anatania.